Mwongozo kamili: kupanga jaribio la rada ya ionosfea ukiwa Arusha au Moshi

Mipango ninayoletewa ina ugonjwa mmoja. Redio imeshanunuliwa, waya umeshapandishwa kwenye mkaratusi, betri zimechajiwa, ndipo mtu ananiuliza: "Mwalimu, nipige mapigo mangapi kwa sekunde?" Swali hilo lilipaswa kujibiwa kabla hata ya shilingi moja kutoka mfukoni. Kila namba unayoiweka kwenye mtambo inafunga mlango fulani, na asiyejua ni upi atakuja kuugonga usiku wa manane.

Tunapanga rada moja ndogo inayotazama juu wima, ya masafa ya karibu megahezi 5, kwa ajili ya kupima jinsi tabaka F, tabaka la juu la ionosfea (hewa ya juu yenye elektroni huru), linavyopanda jua linapozama. Nimelichagua jaribio hili kwa sababu tumekaa mahali pazuri. Ikweta ya sumaku ya dunia inapita Ethiopia, nasi tuko nyuzi kumi na kidogo kusini yake. Jioni, umeme wa asili wa angani hulisukuma tabaka F juu katika eneo hili, na kupanda huko ndiko kunakoandaa mapovu ya plazima (maeneo yenye elektroni chache) yanayovuruga GPS na mawasiliano usiku.

Kama ulikuwa unaota rada ya kusikiliza mtawanyiko wa elektroni mojamoja, kama ile ya Jicamarca nchini Peru, tafadhali amka. Ile ina antena ndogo za dipoli 18,432 na nguvu za megawati, kwa kuwa kila elektroni inarudisha wimbi kidogo mno. Sisi tutatumia tabaka lenyewe kama kioo, ndiyo maana wati mia mbili zinatosha.

## Andaa hivi kwanza

- Leseni ya masafa kutoka TCRA. Omba mapema, uwaeleze upana wa bendi, nguvu, mahali na saa za kurusha. Bila leseni unasikiliza tu, hurushi.
- Redio inayoendeshwa na programu, yenye njia ya kurusha na ya kupokea, au redio mbili.
- Kikuza nguvu cha wati 150 hadi 500, chenye kichujio cha kuzuia masafa rudufu.
- Mzigo bandia wa ohmu 50 unaohimili nguvu hiyo.
- Saa ya megahezi 10 inayofungwa na GPS.
- Waya wa shaba, kebo ya koaksio, kamba za nailoni, milingoti miwili ya mita 15.
- Fimbo za erthi na vizuia radi.
- Betri na kompyuta. Umeme ukikatika katikati ya machweo, machweo hayarudiwi.
- Redio ndogo ya AM ya betri, kwa ajili ya kuwinda kelele.
- Daftari la karatasi.

## Hatua ya 1: Andika swali lenye saa, kimo na kasi

"Kuchunguza ionosfea" ni jina la klabu, halipangi jaribio. Andika hivi: *Kati ya saa 11:30 jioni na saa 5:00 usiku, tabaka F linapanda kwa kasi gani, kati ya kilomita 200 na 500?*

Sentensi hiyo tayari imekupa kazi. Kimo kitakuambia mapigo yaachane kwa muda gani. Kasi itakuambia ujumlishe mapigo mangapi. Jioni za machweo tarajia mita 20 hadi 50 kwa sekunde kwenda juu.

Kuhusu saa, watu huzima mapema. Jua likishazama Njiro au Majengo, kule juu bado linawaka. Kwenye kilomita 110 linaondoka dakika 40 hivi baadaye, na kwenye kilomita 300 zaidi ya saa moja baadaye. Tofauti hiyo ya muda kati ya matabaka mawili ni sehemu ya sababu ya tukio lenyewe. Ukizima saa 1:00 usiku kwa kuwa giza limeingia, umeondoka sherehe haijaanza.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyejua rada anaweza kusoma sentensi yako na kukuambia ni grafu gani utachora.

## Hatua ya 2: Chagua masafa

Wimbi lililorushwa wima hurudi pale ambapo masafa yake yanalingana na masafa ya plazima. Kanuni ya mfukoni: masafa kwa megahezi ni 9 mara kipeuo cha pili cha wingi wa elektroni, wingi huo ukihesabiwa kwa vipande vya bilioni elfu moja katika mita ya ujazo. Kwa megahezi 5, kioo chako kiko pale penye elektroni bilioni 310 hivi katika mita ya ujazo.

Kwa nini karibu na 5? Ukishuka sana, mchana tabaka D, lililo chini kabisa, linalimeza wimbi, na tabaka E, la katikati, linalizuia njiani. Ukipanda sana, usiku tabaka F litashindwa kulirudisha, litatoboa na kwenda zake.

Usirushe kwenye megahezi 5.000 kamili, kwa sababu hapo ni mahali pa ishara za saa za kimataifa. Mimi ninaitumia 5 hapa kurahisisha hesabu tu. Wewe utarusha pale leseni ilipoandika.

Onyo: mwangwi unaweza kutoweka saa nane au tisa usiku bila kifaa chochote kuharibika. Elektroni zimepungua, kioo kimekwisha. Kabla ya kufungua kikuza nguvu kwa bisibisi, shuka kwenye masafa ya chini zaidi kama leseni inaruhusu, usikilize.

## Hatua ya 3: Achanisha mapigo

Pigo likienda na kurudi, milisekunde 1 ni kilomita 150. Ukirusha pigo kila milisekunde 10, mwangwi wa hadi kilomita 1,500 unarudi kabla pigo jingine halijaondoka. Weka 10.

Najua kishawishi kilipo. Ukiweka 5 unapata mapigo maradufu, na nguvu ya wastani maradufu. Lakini ionosfea na ardhi ni vioo viwili vinavyotazamana, wimbi linaruka katikati yao mara mbili, mara tatu. Tabaka likiwa kilomita 320, mruko wa tatu unaonekana kama uko kilomita 960. Kwa milisekunde 5 mwisho wako ni kilomita 750, hivyo mwangwi huo unajikunja na kutokea kilomita 210. Umepata "tabaka jipya" chini ya tabaka F. Nimeshaonyeshwa tabaka hilo mara mbili, na mara zote mbili lilikuwa limeshaandikiwa aya nzima ya ripoti.

Kulikamata ni rahisi. Mruko wa tatu unabeba Doppler (mabadiliko ya masafa yanayoletwa na mwendo wa tabaka) mara tatu ya mruko wa kwanza. Kitu kinachokwenda mara tatu kamili ya jirani yake ni kivuli chake.

## Hatua ya 4: Urefu wa pigo na msimbo

Pigo fupi linaona vizuri lakini halina nguvu. Pigo refu lina nguvu lakini linapaka rangi kilomita nyingi kwa pamoja. Njia ya kutoka ni kulikata pigo refu vipande na kugeuza fezi ya baadhi yake (kulipindua wimbi juu chini) kwa mpangilio maalumu.

Tumia msimbo wa Barker wa vipande 13, kila kipande maikrosekunde 50:

+ + + + + − − + + − + − +

Mahesabu yake:

- Kipande cha maikrosekunde 50 kinakupa hatua za kilomita 7.5.
- Pigo zima ni maikrosekunde 650.
- Katika kila milisekunde 10 unarusha asilimia 6.5 tu ya muda, hivyo wati 200 za kilele ni wastani wa wati 13. Betri inapumua.
- Upana wa bendi ni karibu kilohezi 20. Hii ndiyo namba ya kuandika kwenye ombi la leseni.

Mlango unaofungwa hapa ni wa chini. Wakati unarusha, kipokezi ni kiziwi, na maikrosekunde 650 ni kilomita 97.5. Tabaka E, lililoko karibu kilomita 110, linaponea chupuchupu. Ukiongeza msimbo hadi vipande 26, ukiziwi unafika kilomita 195, na hapo unaanza kula sehemu ya chini ya tabaka F unalolitafuta.

Barker ina masalia pembeni mwa kila mwangwi, ya kiasi cha 1 kwa 13. Kwa hiyo mwangwi mkali wa kilomita 300 utakuwa na vijukuu hafifu juu na chini yake. Kuna misimbo ya jozi inayofuta masalia hayo kabisa kwa kujumlisha mapigo mawili. Kwa tabaka linalopanda mita 40 kwa sekunde, fezi inahama nyuzi 5 hivi kati ya pigo na pigo, kwa hiyo jozi zinafanya kazi. Bado nashauri uanze na Barker. Kosa la Barker linaonekana kwa macho, ila kosa la jozi linajificha.

## Hatua ya 5: Jumlisha mapigo bila kujidanganya

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa.

Doppler ya tabaka ni kasi mara mbili ukigawanya kwa urefu wa wimbi. Kwa megahezi 5 wimbi lina mita 60. Kupanda kwa mita 40 kwa sekunde kunaleta hezi 1.33. Ni kidogo, na wewe una mapigo 100 kwa sekunde. Programu inakukaribisha: jumlisha mapigo kadhaa pamoja kabla ya kuhifadhi, kelele ipungue, faili liwe dogo.

Kijana mmoja alijumlisha 64. Grafu yake ilikuwa safi kama shuka ya hoteli. Akaja mbio: "Mwalimu, jioni tabaka linashuka, mita 7 kwa sekunde!" Nikamwomba anifungulie grafu ya kimo. Kwenye kimo, mwangwi ulikuwa unapanda kama lifti.

Tazama kilichotokea. Mapigo 64 ni sekunde 0.64. Kipimo kinachochukuliwa kila sekunde 0.64 kinatambua Doppler mpaka hezi 0.78 tu kila upande, yaani mita 23 kwa sekunde juu au chini. Kasi halisi ilikuwa 40. Haikuwa na pa kukaa, ikajikunja na kutokea upande wa pili kama 7 kwenda chini. Namba mbaya yenye sura nzuri.

Tumia mapigo yasiyozidi 16. Hapo mpaka wako ni hezi 3.1, karibu mita 94 kwa sekunde kila upande. Machweo yetu yanaenea humo na nafasi inabaki.

Kisha chukua sekunde 10.24, yaani mapigo 1,024 kwa jumla, upige hesabu ya kutenganisha masafa (Fourier). Utatofautisha kasi zinazopishana kwa mita 3 hivi kwa sekunde. Ukirefusha hadi dakika nzima utapata namba nyembamba zaidi kwenye karatasi, ila tabaka lenyewe litakuwa limeshabadili mwendo ndani ya dakika hiyo.

Na hifadhi data ghafi, kabla ya kujumlisha chochote. Sampuli 40,000 kwa sekunde, baiti 4 kila moja, ni MB 576 kwa saa. Jioni nzima ya saa tano na nusu ni GB 3.2. Flashi ya sokoni inabeba hiyo. Aliyejumlisha 64 hakuwa amehifadhi ghafi, akasubiri machweo mengine.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuandika kasi kubwa kabisa ambayo mtambo wako unaweza kuitambua, na ni angalau mara moja na nusu ya ile unayoitarajia.

## Hatua ya 6: Antena

Dipoli ya nusu wimbi kwa megahezi 5 ina mita 28.5 hivi. Ipandishe katikati kwa mlingoti mmoja, miguu ishuke pande mbili kama paa la nyumba. Kimo cha mita 15, robo ya wimbi, kinaelekeza nguvu juu, maana ardhi inarudisha wimbi likikutana na jingine kwa mpangilio mzuri. Ukiipandisha mita 30 kwa kiburi, nguvu ya kwenda juu inakufa.

Weka antena mbili, ya kurusha na ya kupokea, kila moja na mlingoti wake, zikiwa mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Unaepuka swichi ya kubadilisha, ambayo ndiyo huwa ya kwanza kuungua.

Ncha za dipoli zina volti kali wakati wa kurusha. Zifungie juu ya kichwa cha mtu mzima, uzungushie uzio. Mbuzi hawasomi mabango. Ukiwa karibu na KIA au uwanja wa Kisongo, uliza mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kusimamisha mlingoti. Miezi mizuri kwa jaribio hili, Machi na Aprili, ndiyo hiyohiyo ya masika. Ukisikia radi, zima, chomoa kebo na uitupe nje ya chumba. Machweo ya kesho yapo.

Kabla ya kuchimba shimo lolote, zunguka kiwanja usiku na redio ya AM kati ya stesheni. Taa za LED za bei rahisi, chaja za sola na karakana za kuchomelea zitaunguruma. Kona tulivu ya shamba la migomba Tengeru au Machame inashinda paa la ghorofa katikati ya mji.

## Hatua ya 7: Saa ya mtambo na saa ya ukutani

Kristali ya kawaida inaweza kukosea sehemu 1 kwa milioni. Kwa megahezi 5 hiyo ni hezi 5. Kama kirushi na kipokezi kila kimoja kina kristali yake, hezi 5 hizo zitasomeka kama mita 150 kwa sekunde za kasi ambayo haipo. Funga vyote viwili kwenye saa moja ya GPS.

Sasa ile ya ukutani. Sisi tunasema saa 1:30 usiku. Simu inasema 19:30. Data inatakiwa kuwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo ni 16:30. Nimeona daftari limeandikwa "1:30", kompyuta 19:30 na faili 16:30, na mwenye kazi akaapa kuwa ni matukio matatu. Ukurasa wa kwanza wa daftari andika kwa kalamu nene: *Faili zote UTC. Ongeza 3 upate saa ya Afrika Mashariki. Kisha toa 6 (ikifika 13 au zaidi, toa 12 tena) ndipo useme kwa Kiswahili.*

Kumbuka pia jua halifuati saa ya serikali. Saa yetu imepangwa kwa longitudo 45, Arusha iko karibu 36.7, kwa hiyo jua linatufikia utosini kama dakika 33 baada ya saa sita mchana, ikiongezwa au kupunguzwa kidogo kulingana na mwezi.

## Hatua ya 8: Jaribio kavu

Unganisha mzigo bandia badala ya antena. Rusha. Kipokezi kitasikia pigo likivuja, na hiyo ndiyo sifuri yako ya kimo. Kosa la maikrosekunde 1 ni mita 150, kwa hiyo pima hapa, usikisie.

Fungua msimbo. Unatakiwa kuona kilele kimoja chembamba na vijilima vidogo pembeni, 12 jumla, vyote vyenye kimo sawa. Vikitofautiana, ama umekosea alama ya kipande kimoja, ama kikuza nguvu kinachoka katikati ya pigo.

Acha mtambo saa moja nzima. Doppler ya pigo linalovuja iwe sifuri, isitambae. Ikitambaa, kuna kifaa ambacho hakijafungwa kwenye saa ya GPS, hata kama taa yake ni ya kijani.

## Hatua ya 9: Machweo ya kwanza

Washa saa 11:00 jioni, upate nusu saa ya mtambo kupoa kiakili pamoja nawe. Utarajie haya:

Mwangwi mmoja mkali mahali fulani kati ya kilomita 200 na 350, na mara nyingi wa pili kwenye umbali maradufu. Huo wa pili ni mruko wa mara mbili, na ni rafiki: ukiwepo, sifuri yako ya kimo iko sawa, maana vimo viwili lazima viwe 1 kwa 2.

Wakati mwingine mwangwi unapasuka kuwa miwili iliyokaribiana. Usikimbilie kusema matabaka mawili. Uga wa sumaku wa dunia huligawa wimbi kuwa aina mbili, na kila aina inarudi kwenye kimo chake.

Kimo unachokiona ni cha kudhaniwa. Wimbi linapokaribia kioo hupunguza mwendo, likachelewa kurudi, likajifanya limetoka juu zaidi. Kwa hiyo andika "kimo dhahania" kwenye mhimili wa grafu.

Halafu fanya ukaguzi ambao kijana wa mapigo 64 hakuufanya. Soma kasi kwa njia mbili. Ya kwanza ni Doppler. Ya pili ni kimo: mita 40 kwa sekunde kwa dakika 10 ni kilomita 24, yaani hatua tatu za mtambo wako. Njia mbili zikikubaliana juu ya upande na takriban kiasi, una kipimo. Zikipingana upande, rudi Hatua ya 5.

Tahadhari moja ya kisayansi. Tabaka likiwa chini ya kilomita 300 hivi, jua likizama elektroni za chini zinaliwa na kemia ya hewa, na sakafu ya tabaka inaonekana inapanda hata kama hakuna kinachosukuma. Kasi unayoweza kuihusisha na umeme wa angani ni ile ya tabaka likiwa juu ya kimo hicho. Chora mstari wa kilomita 300 kwenye grafu, utenganishe.

## Mwangwi ukitawanyika

Kuna jioni, hasa Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, ambapo mwangwi mwembamba utavimba na kujaza kilomita mia na zaidi. Kosa la kwanza la wengi ni kuzima na kuanza kukagua kebo. Usiguse. Huenda mapovu yanapita juu yako, na hiyo ndiyo data uliyokuwa unaiomba. Kama una kipokezi cha GPS kinachorekodi nguvu ya ishara, kiwashe pembeni. Satelaiti zikianza kuyumba nguvu muda uleule, una shahidi wa pili.

Wakitaka kuyafuata mapovu hayo kwa rada ya masafa ya juu, kama megahezi 50, watu hulenga utosini kwa mazoea. Kwa huku kwetu ni kosa. Michirizi ya ndani ya mapovu imelala kandokando ya uga wa sumaku, na inarudisha wimbi likiipiga kwa pembe mraba tu. Uga wetu umeinama kati ya nyuzi 25 na 30, ukipanda kuelekea kaskazini. Kwa hiyo antena inatakiwa iinamishwe kusini kwa nyuzi hizohizo kutoka wima. Pata namba kamili kutoka IGRF, modeli ya kimataifa ya uga wa sumaku wa dunia, kwa mwaka wako na kiwanja chako. Bahati nzuri Meru na Kilimanjaro ziko kaskazini mwa miji yetu, mgongoni mwa antena, na kusini ni tambarare ya Wamasai, wazi mpaka macho yachoke.